Tusipite Mbio

Wako wasemao kwamba kusimama njiani kutazama maporomoko ya maji ni kupoteza wakati. Mimi sikubali. Huko Nikko, katika Japani, barabara ya Irohazaka ina kona 48, za kupanda na za kushuka, na kila kona ina herufi yake ya Kijapani cha kale. Juu yapo maporomoko ya Kegon, kimo chake meta 97 hivi. Apitaye mbio huona maji tu. Asimamaye huuliza yatokako, akajua kwamba mlima Nantai ulilipuka, mawe yaliyoyeyuka yakaziba bonde, likawa ziwa Chuzenji. Basi, wenzangu, twendapo safari za shule, tumwombe dereva asimame, tushuke na daftari. Haraka haraka haina baraka.