Panzi Si Panzi Tu

Kwetu Geita hakuna anayenunua dhahabu kwa kutazama rangi. Pairaiti nayo inang'aa, na aliyewahi kuingizwa mjini na mng'ao huo hasahau. Sasa mbona sisi wa baiolojia tukienda fildi tunaandika "panzi" na kufunga daftari?

Chukua jenasi ya Parepistaurus, panzi wa misitu ya Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki. Mabawa yao ni vipande tu, hayawarushi. Msitu ukikatwa hawana pa kukimbilia. Spishi jirani zinafanana rangi na umbo, na majike ndiyo kabisa, watakuchanganya. Dume ndiye anayesema ukweli: tazama vijipembe viwili kwenye ncha ya tumbo, vilivyopinda na vinavyoishia. Hadubini na subira, basi.

Claudia Hemp, Mjerumani, ametumia miaka mingi kuwachambua panzi hawa. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wazungu. Mimi nakataa. Spishi isiyo na jina ni vigumu kuitetea. Ikipotea, hatutajua hata tumepoteza nini. Jicho tunalolipa jiwe, tumpe na panzi.