Istilahi za Swichi: Tuanzie Kisimani

Aghalabu tunapojadili istilahi huanza na orodha: neno la Kiingereza kushoto, letu kulia. Mimi naanza na kisanduku cha chuma kando ya kisima kirefu cha kijiji cha shangazi yangu, Kitui. Kisanduku hicho huendesha pampu ya umeme wa jua, na maandishi yake yote ni ya Kiingereza. Fundi alimwachia mzee mtunza kisima agizo moja: pampu ikizima, bonyeza riseti. Mzee akabonyeza. Ikazima tena, akabonyeza tena, kutwa nzima, hadi mota ikaungua. Kumbe maji yalikuwa yamepungua na pampu ilikuwa ikijizima ili isiharibike. Kwa majuma matatu akina mama walirudi kufukua mchanga wa mto.

Je, istilahi gani ingemfaa mzee yule? Wapo wapendao "kiwashio" badala ya swichi. Kimofolojia umbo hilo halina kasoro, ila swichi huzima pia, na hapo tumetaja nusu tu ya kazi yake. "Swichi" imekwisha kukaa kamusini na vinywani. Sioni sababu ya kuifukuza. (Mbona "stima" hatujaifukuza?)

Wajerumani wana somo hapa. Wao hutenganisha Schalter, ambayo hubaki ilipowekwa, na Taster, ambayo hurudi mkono ukiiachia. Kiingereza mara nyingi huziita zote kwa jina moja, hivyo mfasiri wa Kijerumani hana budi kukitazama kifaa kwanza. Nasi tunazo "swichi" na "kitufe", lakini tunazichanganya ovyo.

Kwa riseti napendekeza "kitufe cha kuondoa zuio". Mtunza kisima atajua kuna kilichozuia, akitafute kabla ya kubonyeza. Mhadhiri wangu mmoja asema ni refu mno. Kwa kamusi, labda. Kwa kisanduku linaenea.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi kaunti za Kitui na Makueni zinapoagiza pampu, zidai maandishi ya Kiswahili katika zabuni. Lakini zitauliza: maneno yenyewe yako wapi? Hilo ni swali letu. Likizo ijayo, wenzangu wa Mwingi, Wote na Kibwezi, nendeni visimani na daftari, muwaulize watunzaji wanaviitaje vitufe hivyo. Maandishi ya kisanduku cha kwa shangazi nimekwisha kuyanakili.