Kurudia Kidato cha Nne Si Kuzima na Kuwasha

Samahani kwa kimya kirefu, kazi za watu zilinibana. Leo sizungumzii programu, ingawa mkinivumilia mtaona hatuko mbali sana.

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu haitulii. Safari hii aliyepiga ni dada yangu. Kijana wake amepata C, pointi 41. Kabla sijasema neno alikuwa ameshaamua. "Anarudia. Nimeongea na mwalimu mkuu, na sare nimeshanunua." Nikamuuliza, kijana mwenyewe anasemaje? Akashangazwa na swali!

Sisi tunaotengeneza kompyuta za watu tunaijua tabia hii. Mashine ikikwama, mwenyewe anaizima, anaiwasha, anaomba Mungu. Ujumbe uliojitokeza kwenye skrini hakuusoma. Ndivyo tunavyorudisha watoto Kidato cha Nne hapa Kenya. Hakuna aliyesoma karatasi ya matokeo zaidi ya ile herufi ya jumla. Nasema wazi, hata kama dada atakasirika: mara nyingi harudii mtoto, inarudia aibu ya wazazi. Mtoto wa jirani ameitwa chuo kikuu, wetu je?

Basi nilimwambia anitumie ile karatasi, tukaisoma. Tangu KCSE ya 2023 alama ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Masomo saba, pointi 12 kila moja, jumla 84. Pointi 45 ni C. Pointi 46 ni C+, mlango wa digrii. Mpwa wangu ana Kiswahili B, Dini B-, Historia C+, Kiingereza na Biashara C-, Kemia D+. Hisabati D. Hiyo ndiyo 41.

Anataka nini? Anataka kuandika programu. Sasa hesabu nami. Anaweza kurudia, akapandisha Dini na Historia, akafika 46, mama akapika pilau. Lakini kozi nyingi za sayansi ya kompyuta zina sharti lao la Hisabati juu ya ile C+ ya jumla. Na D yake ingali pale pale. Atapangiwa kozi ambayo hakuitaka, baada ya mwaka mzima na karo ya mwaka mzima.

Nikamuuliza, hii D ilianzia wapi? "Mjomba, niliachwa Kidato cha Pili. Tulipoingia logarithimu na milinganyo ya kwadratiki sikuelewa, nikaona haya kuuliza." Hapo ndipo penye hitilafu! Na akirudi Kidato cha Nne atafundishwa nini? Matriksi, longitudo na latitudo, kalkulasi. Yaani kosa liko mstari wa 20, sisi tunalipa fundi ahangaike na mstari wa 400. Mwalimu wa Kidato cha Nne ana silabasi ya kumaliza na darasa limejaa. Hatarudi nyuma miaka miwili kwa ajili ya kijana mmoja aliyekaa dirishani.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Nilifanya KCSE 2003, nikapata C ya pointi 44. Nikarudishwa. Mwaka 2004 nikapata 50, C+, tukachinja kuku. Kumbe siku hizo C+ ilikuwa ya kukuruhusu tu, maana JAB ilikuwa ikiita walio juu zaidi, na darasa za wanaojilipia mzee hakuziweza. Mwaka 2005 nikaingia diploma ya kompyuta, diploma ambayo C yangu ya kwanza ilinitosha kabisa. Nilimkuta mwanafunzi mwenzangu wa 2003 yuko mwaka mmoja mbele, akinionyesha namna ya kuunganisha hifadhidata na tovuti. Alikuwa na 43.

Sasa kuna wengine wenye ugonjwa tofauti, na hawa ni wa kwetu, watu wa teknolojia. Wanawaambia vijana kwamba karatasi hazina maana, kwani Bill Gates alisoma hadi wapi? Jamani. Gates aliiacha Harvard, na huwezi kuacha chuo ambacho hukuingia. Ukituma maombi ya kazi Nairobi bila diploma wala digrii, nyingi zitakutupa kabla mtu hajaona programu uliyoandika. Kwa hivyo simwambii kijana aachane na masomo. Namwambia asirudi darasa ambalo si lake.

Na ili nisije nikaonewa, wapo wanaofaa kurudia. Siku hizi C+ ina uzito kuliko enzi zangu. Mwaka 2016 idadi ya A ilianguka kutoka zaidi ya 2,600 za mwaka uliotangulia hadi 141, na tangu hapo wenye C+ wamekuwa na nafasi ya kupangiwa chuo kikuu na KUCCPS. Kama una pointi 44 au 45, uliugua wiki ya mtihani, na unajua ni somo gani lililokuangusha, rudia. Unaweza hata kujiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi, ukajilipia ada ya mtihani, ukasoma nyumbani. Ila usidhani nafasi hizo hazina mwisho. Darasa la mwisho la 8-4-4 ni lile lililoingia Kidato cha Kwanza 2024, na limepangiwa KCSE ya 2027. Mambo ya "nikikosa nitajaribu tena mwaka ule mwingine" yana ukuta mbele.

Mpwa wangu ana pointi 41 na D ya Hisabati. Diploma ya kompyuta huanzia C-, kwa hivyo mlango uko wazi leo. Vyuo vikuu vingi hupokea wenye diploma, akiitaka digrii baadaye. Logarithimu atazihitaji kokote aendako, hilo halina ubishi, lakini hizo hazihitaji sare wala kengele ya saa kumi alfajiri.

Ameshatuma maombi ya chuo. Jumamosi mbili sasa anakuja kwangu na kitabu cha Hisabati cha Kidato cha Pili kisicho na jalada. Jana tumemaliza logarithimu, nikamwonyesha kwa nini kutafuta jina katika orodha iliyopangwa ya majina milioni moja huhitaji hatua kama ishirini tu. Akanyamaza, akaniuliza, "Kwa nini shuleni hawakuniambia hivi?"

Dada bado hajanisamehe. Ameuliza tu kama ninamjua mtu anayehitaji sare mpya, saizi ya kati.