*TAMKO LA TAWI: TUSIPIGE MARUFUKU KITI AMBACHO HAKIPO*



Matawi yameletewa rasimu ya kanuni za safari za viongozi wa chama, na tumetakiwa kutoa maoni kabla ya kikao cha wilaya. Kifungu kinachopigiwa makofi kwenye magrupu kinasema kiongozi hatasafiri *daraja la kwanza* kwa fedha za chama. Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kukisoma. Tunatamka wazi: hilo ni changa la macho.

*1. Daraja la kwanza lenyewe liko wapi?*
Dreamliner ya Air Tanzania, Boeing 787-8, ina viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida. Airbus A220-300 ina viti 132: 12 vya biashara, 120 vya kawaida. Kenya Airways na Ethiopian nao ni hivyo hivyo, biashara na kawaida basi. Daraja la kwanza limebaki kwa mashirika machache duniani. Maana yake, kiongozi wetu anayekwenda Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg kwa ndege hizo ataitimiza kanuni hii bila kujinyima hata glasi ya juisi.

*2. Tofauti iko wapi?*
Zamani daraja la kwanza ndilo lilikuwa la kulala na la biashara lilikuwa la kukaa kwa nafasi. Siku hizi, katika safari ndefu, kiti cha biashara kinalala kikawa kitanda. Abiria ana foleni yake, ukumbi wake wa kusubiria na mizigo ya ziada. Qatar Airways tangu 2017 wameweka hadi mlango kwenye viti vya biashara. Wa daraja la kwanza anaongezewa chumba kikubwa zaidi na majirani wachache, na kwenye A380 ya Emirates anaoga huko huko angani. Hiyo ni tofauti ya tajiri na tajiri mwenzake. Tofauti inayomuumiza mlipa ada iko kati ya biashara na kawaida: katika safari ndefu, tiketi moja ya biashara mara nyingi inatosha kuwasafirisha watu watatu waliokaa nyuma. Rasimu imekata kucha, mkono umeachwa mfukoni mwetu.

*3. Tumeshaona inavyofanyika.*
Mwaka 2015 Rais Magufuli aliliambia Bunge kuwa katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 safari za nje zilitumia shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege peke yake zilikula bilioni 183.1, zaidi ya nusu. Serikali yake ilipobana, ilifunga daraja la kwanza *na* la biashara, isipokuwa kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Mtu anaweza kupingana na mengi ya awamu ile, lakini hapo walijua fedha inatokea wapi.

*4. Majibu kwa watetezi.*
"Kiongozi afike amepumzika." Mwanachama wetu anapanda basi Mwanza hadi Dar es Salaam, akishuka anaingia kazini. Hakuna aliyemwandikia kifungu.
"Ni heshima ya chama." Mwenyeji anakupokea nje ya uwanja. Hajui ulikaa kiti namba ngapi, na wa mbele na wa nyuma mmetua dakika ile ile.
"Ni fedha ndogo." Basi zirudi matawini, kwa sababu huku ofisi inadaiwa pango na mabalozi wa mashina wanatembea kwa miguu.

Na tusisahau: fedha za chama ni ada zetu na ruzuku. Ruzuku ni kodi, na inatoka hata kwa asiyetupigia kura.

*5. Tunachopendekeza kifungu kisomeke:*
▪️ Safari zote kwa fedha za chama ziwe daraja la kawaida, kwa ngazi zote.
▪️ Mgonjwa, mwenye ulemavu au mjamzito aruhusiwe daraja la juu kwa kibali cha maandishi.
▪️ Anayetaka kukaa mbele alipe tofauti kutoka mfukoni mwake.
▪️ Nauli ya kila safari isomwe kwenye taarifa ya mapato na matumizi.

Wajumbe wetu wa kikao cha wilaya wanatumwa na msimamo huu. Akitokea wa kuwaambia "tumeshafuta daraja la kwanza, mnataka nini tena?", wamuulize swali moja: mara ya mwisho wewe ulikaa wapi?

Wanachama wenye maoni wayalete kwa Katibu wa Tawi. Mabalozi, lisomeni tamko hili kwenye mashina kwa wasio na simu janja.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.*