Situmi Mashine ya Aiskrimu!

Wadau wa nyumbani, baridi ya huku Minnesota tuiache, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mdogo wangu pale Bukoba anataka kuuza aiskrimu ya vanila. Wazo zuri sana. Ila miezi minane sasa hajauza hata kikombe kimoja, anasubiri nimtumie mashine na vanila "ya Marekani". Shangazi naye kanipigia juzi, eti nambania mwenzangu. Shangazi, shikamoo. Simbanii. Naomba unisikilize.

Kwanza, vanila. Jamani, si inalimwa hapo hapo Kagera? Watu wanachavusha maua kwa mkono, moja moja, maana ua likichanua halidumu zaidi ya siku moja. Vichupa vya bei rahisi vya huku ni vanilini ya kiwandani, haijawahi kuonana na ua. Ndiyo mnataka niwapakilie?

Pili, mnasifia aiskrimu ya majuu. Sheria ya Marekani inadai mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10, na galoni moja isipungue ratili 4.5. Mchanganyiko kabla ya kugandishwa una kama ratili 9 kwa galoni. Pigeni hesabu wenyewe: kopo la bei poa linaweza kuwa nusu hewa. Nitume hewa kwa meli?

Tatu, mashine. Kazi yake kubwa ni kukoroga, ili chembe za barafu zibaki ndogo. Ulaini wenyewe unaletwa na mafuta, viini vya mayai na sukari. Mimi nikitoka zamu nafanya hivi: krimu vikombe viwili, maziwa kimoja, viini vitano, sukari robo tatu ya kikombe, na mbegu za ganda moja la vanila. Moto mdogo, koroga, isichemke, mpaka ishike mgongo wa mwiko. Ipoe kabisa. Kisha sufuria yenye mfuniko ndani ya ndoo ya barafu na chumvi ya mawe. Chumvi inaishusha barafu chini ya sifuri. Zungusha, kila baada ya dakika chache funua ukwangue pembeni. Umeme ukikatika, shauri yao.

Krimu? Chemsha maziwa ya jirani, yapoe, yalale usiku kwenye friji, asubuhi engua ya juu. Barafu? Waulize wauza samaki, ila isiguse chakula.

Lawama si zenu peke yenu. Sisi wa huku tunapenda kutuma mapipa ili tuonekane tumefika. Hata mimi. Kumbe tunawafundisha kusubiri.

Kwa hiyo mdogo wangu, natuma hela ya ndoo, mayai na maziwa, basi. Jumamosi anza. Vikombe vikiisha, nipigie tugombane vizuri.