Ugaidi: Jina Linalomtangulia Mtafiti

Dhana ya ugaidi haina fasili moja inayokubalika. Alex Schmid na Albert Jongman walikusanya fasili 109 katika kazi yao ya mwaka 1988, na Umoja wa Mataifa haujaafikiana kuhusu mkataba wa jumla. Hoja yetu ni kwamba tatizo la mtafiti wa Tanzania si wingi wa fasili, bali ni mazoea ya kupokea jina kabla ya kulichunguza tendo. Mifano miwili ya Mwanza yatosha kuonyesha hayo.

Mfano wa kwanza ni mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoikumba Kanda ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007. Hofu ilienea hata baadhi ya watoto wakahamishiwa bwenini, kama vile katika Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi. Hata hivyo, wahusika walishtakiwa kwa mauaji, kwani walitafuta viungo vya kuuza. Hawakuwa na dai lolote kwa serikali.

Mfano wa pili ni wa Julai 2021. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa jijini Mwanza, ambako chama chake kilikusudia kufanya kongamano la katiba. Alishtakiwa kwa makosa ya ugaidi yaliyodaiwa kupangwa mwaka 2020. Tarehe 4 Machi 2022 upande wa mashtaka uliiondoa kesi hiyo.

Basi mtafiti anayehesabu ugaidi kwa kufuata majalada ya mashtaka ataingiza tukio ambalo halikuthibitishwa na mahakama, na ataiacha nje miaka ya hofu ya kweli. Lakini akitumia kigezo cha hofu peke yake, hata majambazi wanaopora injini za wavuvi ziwani watakuwa magaidi. Kwa hakika, hapo awali neno gaidi lilimtaja mnyang'anyi wa njiani. Hukumu imo ndani ya neno lenyewe.

Tunapendekeza maswali matatu yatenganishwe: nani alidhuriwa, nani alikusudiwa kutishwa, na nani aliyetoa jina. Mlipuko wa Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11, wayajibu yote bila utata. Mifano ya Mwanza haiyajibu hivyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ina kazi yake mahakamani. Haiwezi kumfanyia mtafiti kazi yake.