Miaka mitano, lakini ya programu zipi?

Safu ya Mitambo na Maisha
Na Zuhura Mwinyikombo

Tangu Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta zisizoweza kupokea Windows 11 wamekuwa wakishauriwa kuhamia Linux, na mara nyingi Ubuntu ndiyo inayotajwa kwanza. Ushauri huo naukubali. Ninachokipinga ni maelezo yanayoandamana nao, kwamba ukishaweka toleo lenye msaada wa muda mrefu (LTS), tuseme 24.04 lililotoka Aprili 2024, umekwisha kulindwa kwa miaka mitano. Miaka mitano ipo, na kampuni ya Canonical inayotengeneza Ubuntu imekuwa ikiitimiza ahadi hiyo toleo baada ya toleo. Ila ahadi hiyo haikutolewa kwa kila programu utakayoikuta humo. Hazina ya programu za Ubuntu imegawanywa katika mafungu, na mawili ndiyo makubwa: Main, lenye vifurushi vipatavyo 2,300, na Universe, lenye zaidi ya 23,000. Miaka mitano ni ya Main. Universe imeachiwa wachangiaji wa hiari, watu wanaorekebisha kile wanachokiweza, wakati wanapoupata. Kwa hiyo kuuliza kama mfumo bado una msaada ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani anayewajibika kwa programu hii ninayoifungua kila siku.

Tazama ni zipi zilizoangukia upande wa Universe. VLC imo. GIMP imo. FFmpeg, maktaba ambayo programu nyingi za video na sauti huitegemea kimyakimya, nayo imo. Hizi si programu za pembeni. Ndizo zinazofungua video uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, picha iliyokuja na barua pepe, wimbo ulionakiliwa kutoka flashi ya mtu mwingine. Programu ya kusoma video ina kazi ngumu: inapokea faili lililotengenezwa na mtu isiyemjua, inalifumbua kipande kwa kipande, na kila kipande kinaieleza ni nafasi kiasi gani ya kumbukumbu kitahitaji. Programu nyingi za aina hii zimeandikwa kwa lugha ya C, ambayo haimzuii mwandishi kuandika nje ya nafasi aliyoitenga. Hesabu moja ikikosewa, faili lililotungwa kwa hila linaweza kuifanya kompyuta itekeleze amri za aliyelitunga. Basi sehemu inayokutana na wageni kuliko zote ndiyo iliyopewa ahadi dhaifu zaidi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, wala si wingi wa vifurushi peke yake.

Januari 2023 Canonical ilifungua kwa wote huduma ya Ubuntu Pro, inayoleta masasisho ya usalama ya Universe pia na kurefusha ulinzi hadi miaka kumi. Mtu binafsi anaipata bure kwa kompyuta zisizozidi tano, kwa sharti la kujisajili. Watumiaji wengi walikasirika walipoanza kuona, kila wanaposasisha kwenye terminali, ujumbe kwamba kuna masasisho fulani ya usalama ambayo hawatayapata bila Pro. Walisema kampuni imechukua usalama uliokuwa bure na kuufanya chambo cha biashara. Naielewa hasira hiyo, lakini imeelekezwa pasipostahili. Hakuna aliyekuwa amewaahidi masasisho ya Universe hapo awali. Pengo lilikuwapo miaka yote, na ujumbe ule uliliweka hadharani tu. Kuwalipa wataalamu wa kupitia vifurushi zaidi ya elfu ishirini kwa muongo mzima ni gharama kubwa, na lazima mtu fulani aibebe. Lawama yangu kwa Canonical ni nyingine: taarifa ya nani anailinda programu ilistahili kukaa wazi kando ya jina lake, kabla mtu hajabofya kuisakinisha. Kwa sasa anayetaka kujua inambidi afungue terminali na kuandika pro security-status, na ni wachache mno wanaojua kwamba amri hiyo ipo.

Wapo watakaosema dawa ni kuchukua toleo jipya kabisa la kila programu. Hapa namba za matoleo huwapotosha hata watu makini. Wasimamizi wa Ubuntu na wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, hawabadilishi toleo zima kila upenyo unapogunduliwa. Huchukua lile rekebisho peke yake na kulipachika kwenye toleo la zamani. Programu yenye namba ya miaka miwili iliyopita inaweza kuwa imeshazibwa mianya yake yote inayojulikana. Na upya una hatari zake. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri uliofichwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Walioathirika ni waliokuwa kwenye matawi ya majaribio yanayopokea kila kilicho kipya. Toleo imara la Debian halikuguswa, kwa kuwa matoleo hayo ya xz hayakuwa yamelifikia. Vifurushi vya Snap na Flatpak, vinavyosakinishwa nje ya hazina hizo, havimalizi swali la nani anawajibika, vinalihamisha: kila kimoja hubeba maktaba zake, na mlinzi anakuwa yule aliyekichapisha. Firefox ya Snap huchapishwa na Mozilla yenyewe, mlinzi mzuri. Kifurushi cha mchapishaji asiyejulikana hakina dhamana hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bando. Masasisho hula data, na kwa ofisi yenye kompyuta nyingi gharama inaumiza. Hata hivyo si lazima kila kompyuta ipakue yake. Programu ya apt-cacher-ng, ikiwekwa kwenye mashine moja, huhifadhi kila kifurushi kilichoshushwa na kuzigawia nyingine zote kupitia mtandao wa ndani. Mtu anaweza pia kuruhusu masasisho ya usalama peke yake na kuacha mengine yasubiri.

Kwa shule yenye kompyuta arobaini, zile tano za bure za Ubuntu Pro hazifiki mbali. Kama haina bajeti ya kulipia, ningeielekeza Debian. Kikosi kimoja cha usalama huhudumia hazina yake kuu yote kwa takriban miaka mitatu, kisha kikosi cha LTS huendelea kwa miaka miwili. Zipo programu chache zisizopata huduma kamili, na kifurushi cha debian-security-support huzitaja kwa majina, ili mwalimu wa kompyuta aziondoe kabla muhula haujaanza.